Hodi Mahameni

Bi Mfinyanzi hakupenda kuulizwa kabila lake, umri wake, wala jina la baba yake. Ukimuuliza, alikukazia macho akasema, "Kwani unataka kunioa?" Basi nami sitayaandika hayo. Kijijini kwetu, kwenye barabara ya kwenda Miono, wakubwa kwa wadogo walimwita Bi Mfinyanzi, na mimi niliyekulia nyumba ya pili kutoka kwake sikumwita vingine. Ninachotaka kueleza ni neno moja alilolishikilia maisha yake yote, na jinsi lilivyomponyoka sote tukitazama.

Neno lenyewe ni hame. Vijana wa leo hawalitumii. Wao kila penye majani marefu ni pori. Sisi tulilisikia kwa Bi Mfinyanzi kila siku, kama wengine wanavyosikia habari za mpira. Hame ni mahali palipokuwa na watu, watu wakahama. Maana ni hiyo tu, mtoto anaielewa. Lakini kwake maana haikuishia hapo, na mimi nina haki ya kulisema hili kwa sababu nimelibeba neno hilo mbali kuliko mtu yeyote wa kijiji chetu. Nilichoma mkaa nikajilipia masomo, sikusaidiwa na mjomba wala mfadhili, nikapata diploma ya umeme, nikafanya kazi Maskati miaka mingi, nikarudi na kujenga nyumba ambayo hadi leo ndiyo pekee hapa yenye maji ya moto bafuni. Huko Maskati walinipeleka kufunga taa kwenye mji mmoja wa udongo uliohamwa, kuta zimeanguka, mitende bado inazaa na hakuna wa kuichuma. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilisimama nikasema kwa sauti, "Hame." Fundi mwenzangu aliniuliza nimesema nini. Nilishindwa kumweleza vizuri, na mimi si mtu wa kushindwa kueleza jambo.

Hame lake yeye lilikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka barabarani, ng'ambo ya kijito. Wazee wetu waliishi huko kabla ya kuambiwa wasogee barabarani, wakati wa kuanzishwa vijiji. Ukiingia huoni nyumba. Unaona michungwa iliyorudia uchachu, mistafeli, mkunazi mmoja mkubwa, na chini ya majani mawe ya mafiga, matatu matatu, kila mahali palipokuwa na jiko. Mgeni hupita asione kitu. Yeye alipita akionyesha kwa kidole: hapa kwa fundi cherehani, hapa kwa mwanamke mmoja mchoyo wa chumvi, hapa msikitini, hapa kwangu.

Na hapo kwake, kabla hajakanyaga, alisimama na kupiga hodi. Hakukuwa na mlango, hakukuwa na ukuta, majani tu mpaka kiunoni. "Hodi," alisema. "Hodi. Hodi." Kisha akajijibu mwenyewe kwa sauti ile ile: "Karibu." Ndipo akaingia.

Nilikuwa nimerudi likizo siku niliyomuuliza.

"Bibi, mbona unajijibu?"

"Ulitaka nani aitike? Mwenye nyumba ni mimi."

"Sasa kwa nini upige hodi kwako?"

"Kwa sababu nimeondoka. Mtu akiondoka haingii tena kama ng'ombe." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Siku nikipiga hodi akaitika mwingine, nitajua nimekosea nyumba."

Alikuwa mtu wa swala tano, tasbihi haimtoki mkononi, na alikuwa mwongo mkubwa biasharani. Vyungu vyake alivipeleka kuuza Ubena, kando ya barabara kuu, na nilimsikia kwa masikio yangu akimwapia dereva wa lori kwamba mtungi uliopasuka kitako haujapasuka. "Wallahi huo ni mshipa wa udongo, baba. Udongo una mishipa kama wewe." Dereva alinunua. Tulipokuwa tunarudi nikamwambia ameapa uongo. Akasema Mungu anamjua yule dereva, ni mtu wa kuvunja kila kitu, mtungi usingefika kwake mzima hata kama ungekuwa wa chuma.

Alisifu chai ya chunguni mpaka wageni wakatamani, na yeye mwenyewe alichemshia kwenye sufuria. Aliwafukuza watoto wasiguse udongo wake, kisha akawalisha viazi vitamu mpaka wakashindwa kukimbia. Alichukia kushukuriwa. Ukimwambia ahsante, alikuuliza kama umemaliza. Mimi alinitania tangu niliporudi na vyeti vyangu. "Diploma kafika!" alisema kila nilipobisha. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, Diploma. Ule umeme umeacha kukatika?" Nilipomwonyesha sakafu yangu mpya yenye vigae vya kung'aa, aliizunguka yote na kandambili zake, akasema, "Vigae vyako umevinunua. Vyangu nimevivunja mwenyewe." Kisha akaomba kuoga maji ya moto, na akakaa bafuni mpaka mke wangu akaenda kugonga mlango kuuliza kama yu mzima.

Kauli yake kuhusu vigae si ya mzaha, na lazima nieleze desturi yake.

Huku pwani, siku za mwisho za Shaabani watu huvunja jungu: wanakula na kufurahi kabla ya mfungo. Wengi wanapika pilau nyumbani, vijana wanakwenda Bagamoyo mjini wanakaa ufukweni na muziki, na hakuna anayevunja chochote. Bi Mfinyanzi alilivunja jungu kweli. Kila mwaka alifinyanga moja jipya, zuri kuliko yote aliyouza, alipiga mistari shingoni kwa kucha na kulilainisha kwa kokoto mpaka likateleza kama ngozi ya mtoto. Alilibeba kichwani hadi mahameni, akawasha moto kwenye mafiga yake ya zamani, akapika wali wa nazi na kunde, akalisha kila aliyemfuata. Tukishashiba alisoma Fatiha, akalinyanyua jungu, akalipiga chini. Vipande aliviacha pale pale. Vichache alivitia mfukoni, akavisaga nyumbani na kuvichanganya kwenye udongo wa jungu la mwaka unaofuata, maana udongo mtupu hupasuka motoni.

Imamu wetu alimkanya siku moja: kuharibu chombo kizima ni israfu.

"Na wewe, ulivyokula pilau ile juzi," alimjibu, "hukuharibu kitu? Ulitembea umeshika mkanda." Imamu alicheka, na habari ikaishia hapo.

Kwake moto ule ndio uliotenga hame na pori. Alilisema hilo hivi: pori halijawahi kuwa na mtu; hame lina mtu ambaye hayupo. Lakini huyo asiyekuwepo akikaa bila kukumbukwa mwaka baada ya mwaka, pakose hata moshi mmoja, hame linageuka pori, na likishageuka halirudi. Nilimwambia kwamba shuleni tulifundishwa ramani, milima ina alama yake, mito ina yake, misitu ina yake, ila hame halina alama. "Litapata wapi alama?" alisema. "Alama ni mimi."

Alilitumia neno hilo hata kwa watu. Mume wake, mkulima mpole, alipoteza akili uzeeni. Akawa anakaa kibarazani, anaitikia salamu vizuri, anakula vizuri, lakini hajui aliyeketi mbele yake ni nani. Watu wakamuuliza mkewe hali ya mgonjwa. "Amekuwa hame," alisema. "Miti ya matunda ipo. Mwenyewe kahama." Alimwogesha kila jioni hadi alipofariki, na kila alipoingia chumbani kwake alipiga hodi.

Msomaji asije akafikiri alilizwa na kuhamishwa. Hapana. Hili liliwashangaza wengi. Wazee wengine walisimulia siku ya kuhama kama msiba. Yeye alisema yeye ndiye aliyefungasha wa kwanza. Alitaka kuwa karibu na zahanati. Watoto wake wa mwanzo walimfia huko mahameni, wadogo, kwa homa, mmoja akiwa mgongoni mwake njiani kutafuta dawa. "Nililala usingizi mzuri sana usiku wa kwanza barabarani," aliniambia. "Nikaona haya asubuhi." Watoto hao wamezikwa nyuma ya jiko lake. Hakuna mawe wala maandishi. Juu ya kila kaburi alifunika chungu kidogo kisicho na kitako, kama walivyofanya wanawake wa huko zamani, na vyungu hivyo navyo vilivunjika kwa mvua na ngiri, vikawa vipande kati ya vipande.

Hapo ndipo lilipofungika fundo ambalo hata mimi, pamoja na kisomo changu, sikuweza kulifungua.

Alikuja mtu kutoka mjini akitaka ardhi ya mananasi. Alikuwa na adabu, anaongea polepole, akaahidi kisima kirefu na paa jipya la zahanati. Kijiji kikamwonyesha upande wa ng'ambo ya kijito. Sheria ya kijiji ilikuwa nyepesi: pori ni la kijiji, kijiji kinaweza kuligawa, penye mwenyewe, mwenyewe aulizwe. Basi swali likawa moja tu. Pale ni pori, au pana mwenyewe?

Nililiona mapema kuliko wote. Nikaenda kwa Bi Mfinyanzi, nikamwambia, "Bibi, nipe ruhusa. Nina matofali, nina saruji, nina mafundi. Nitakujengea kibanda cha chumba kimoja pale kwako. Wakija kukagua watakuta nyumba, mambo yamekwisha."

Aliendelea kuzungusha udongo. "Nani atakaa?"

"Hakuna haja ya mtu kukaa. Nyumba iwepo tu."

"Nyumba isiyo na mtu mahali pasipo na mtu. Huo si uongo?"

"Bibi, wewe umemwapia dereva wa lori."

Alicheka mpaka akaweka udongo chini. Kisha akawa si wa kucheka tena. "Yule nilimdanganya kwa mtungi. Wale waliolala kule siwezi kuwadanganya kwamba nimerudi. Ukijenga, baba, si hame tena. Ni kiwanja chako."

Nikasema basi nizungushie makaburi ukuta. Akakataa. Nikasema nipande hata minazi, kwa mistari, ionekane shamba. Akakataa. Nilikwenda mara nyingi. Mimi nimezoea kuwa nikilishika jambo linakuwa, maana kila nilicho nacho nimekipata hivyo. Kwa mwanamke yule sikupata hata ruhusa ya tofali moja.

Siku ya ukaguzi tulivuka kijito wote: wajumbe wa kamati, mwenyekiti wa kijiji, mnunuzi na viatu vyake vya mpira, wananchi wa kutazama, na Bi Mfinyanzi akitangulia na fimbo. Mwenyekiti alikuwa mtoto wa mdogo wake, kwa hiyo ni mwanawe kwa mila zetu. Alizaliwa pale pale.

Bi Mfinyanzi alipiga hodi, akajijibu, akaingia. Mnunuzi akatabasamu kwa heshima. Wajumbe wakatazamana.

Mjumbe mkubwa, mtu wa kusema kwa vidole, akaanza. "Bibi yetu, tuonyeshe nyumba."

"Hapa."

"Naona majani."

"Uliza mafiga."

"Mawe yako kila pori. Makaburi?"

Alionyesha nyuma ya jiko. Mjumbe akaenda, akapekua majani kwa ncha ya kiatu. Chini yake vilitoka vigae: vyekundu, vyeusi, vya zamani vilivyoota kuvu, vya mwaka jana vyenye masizi mabichi, tabaka juu ya tabaka. Moto wa miaka yote na majungu ya miaka yote, na humo humo vyungu vya wale watoto. Akainua kimoja, akakitupa.

"Andika," alimwambia mwenzake. "Hakuna nyumba. Hakuna kaburi lenye alama. Kuna jalala la vyungu."

"Jalala?" Bi Mfinyanzi alimsogelea. "Umeona jalala gani lina mafiga katikati? Watu hutupa takataka wakakimbia harufu. Mimi hapa nawapikia watu wazima wanakaa chini wanakula! Wewe mwenyewe umekula hapa, tena ukaomba ukoko!"

Watu wakacheka. Mjumbe naye akacheka, maana ilikuwa kweli. Lakini hakumwambia mwenzake afute.

Bi Mfinyanzi akamgeukia mwenyekiti. "Mwanangu. Waambie kitovu chako kimezikwa wapi."

Mwenyekiti alikuwa akitazama soli za viatu vyake. "Mama mkubwa, mambo ya kitovu si ya kamati."

"Si nakuuliza tu? Sema ni wapi."

"Mama mkubwa, watu wanataka maji."

Hakusema kwa ubaya, naye hakupewa kitu, hilo naweza kulisimamia. Alikuwa na mke anayebeba ndoo kutoka kijitoni akiwa na mimba. Bi Mfinyanzi alimtazama muda mrefu, akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia bei na kujua haitapungua.

Mkutano wa kijiji ulifanyika wiki hiyo hiyo. Nilisimama, nikasema vizuri. Hata waliokuwa dhidi yangu walikiri baadaye kwamba hakuna aliyeongea kama mimi siku ile. Nikaeleza kwamba jalala wanaloliona ni ushahidi wenyewe, kwamba hakuna pori linalovunja majungu kila Shaabani, kwamba paa la zahanati naweza kulichangia mimi mwenyewe. Walinipigia makofi. Kisha mwenyekiti akaomba mikono ya wanaokubali pawe pori, na mikono ikapanda kama mahindi. Walioinua ni wajukuu wa yule fundi cherehani, wajukuu wa yule mchoyo wa chumvi, watu wote ambao nyumba zao yeye alizionyesha kwa kidole. Wa kukataa tulikuwa mimi, yeye, na mzee mmoja ambaye nadhani alikuwa akijinyoosha.

Njiani kurudi nilimwambia tunaweza kwenda mbele, wilayani, ninajua pa kuanzia.

"Ukaseme nini?"

"Kwamba pale ni hame."

"Hame ni la wanaokumbuka," alisema. "Umeiona mikono."

Kisima kilichimbwa, nasema ukweli. Maji yake yana chumvi, watu wanafulia. Paa la zahanati bado.

Baada ya hapo magoti yake yakakataa, akachukuliwa na binti yake aliyeolewa Makurunge. Nyumba yake, jirani na kwangu, ilibomoka upande mmoja masika ile. Nilikwenda kumwona mara kadhaa na kumkuta amekaa ukumbini mbele ya runinga asiyoitazama, mikono imelala mapajani, safi, bila udongo kwenye kucha. Nilikuwa sijawahi kuziona kucha zake.

Shaabani iliyofuata akanipigia simu kwa simu ya binti yake. "Diploma, gari yako inatembea?"

"Inatembea, Bibi."

"Njoo basi."

Nilimkuta tayari, kavaa kanga mpya, na kando yake jungu. Alikuwa amelifinyanga palepale uani, kwa udongo wa kuletewa, binti yake akimshikilia bega asianguke. Halikuwa kama yale ya zamani. Shingo ilienda upande, mistari imetetemeka. Aliniambia kwamba ndani yake amesagia vigae vya mwisho alivyokuwa navyo. Nilimpakia mbele, akalikumbatia mapajani, na hatukuzungumza sana mpaka tukakata kona ya Miono.

Njia ya ng'ambo ya kijito sasa ni ya gari. Nilikwenda nayo hadi mwisho, na mwisho wake ni geti la chuma na waya wa miiba kulia na kushoto. Ndani yake mananasi, mistari iliyonyooka hadi macho yanapokoma. Michungwa hakuna. Mkunazi hakuna. Sikuweza kukadiria jiko lake lilikuwa wapi, na yeye nilimwona akitafuta kwa macho, akianza upande wa kijito, akipoteza, akianza tena.

Alishuka kwa kunishika mkono. Nikataka kumsemea. Akanikataza kwa kiganja. Akasimama mbele ya geti, akaiweka sawa kanga kichwani.

"Hodi," alisema. "Hodi."

Kabla hajafika ya tatu, mlango mdogo ukafunguliwa. Alitoka mlinzi, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, mgeni wa huku kwa lafudhi yake. Alimwona mwanamke mzee amesimama juani, akavua kofia.

"Karibu, mama," alisema kwa upole kabisa. "Karibu sana. Unamtafuta nani?"

Bi Mfinyanzi alimtazama. Mimi nilitazama chini.

"Samahani, baba," alisema. "Nimekosea nyumba."

Mlinzi akamwambia hapana tabu, akamuuliza kama angependa maji ya kunywa. Alishukuru, akakataa. Nilimrudisha garini, nikamwekea jungu lake mapajani, nikafunga mlango.

Barabara ya kutoka kule imechimbika sana kwa malori ya mananasi. Nilipofika kwenye shimo la kwanza nikakanyaga breki, nikalipita polepole, jicho langu likiwa kwenye lile jungu. La pili vivyo hivyo. Kwenye la tatu alinigusa mkono.

"Usipunguze," alisema.

Nilimtazama nione kama anatania. Alikuwa ameliachia. Mikono yake ilikuwa pembeni, na jungu limekaa peke yake juu ya kanga.

Nikaongeza mwendo. Tuliruka, tukayumba, kichwa changu kikagonga dari. Lilifika Makurunge zima.